Filamu Bubu ya Akina Mama wa Kaloleni

Kariobangi Kusini, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Baba Nafula,

Nakusalimu wewe, watoto, na Mama hapo nyumbani. Mimi ni mzima kabisa, ila nina furaha na mengi ya kukusimulia. Ukiona mwandiko unakimbia kama wa mwanafunzi aliyebakiwa na dakika mbili za mtihani, wewe kama mwalimu unisamehe. Mguu wako unaendeleaje? Uliandika kwamba uvimbe umepungua. Tafadhali usipande baisikeli kabla daktari hajakuruhusu, hata kama shule iko mbali. Nakujua. Na Simiyu, kikohozi kimemwacha? Mwambie Nafula picha ya ng'ombe aliyonichorea nimeibandika juu ya kitanda changu, na kila anayeingia hapa huuliza ni mnyama gani, nami humtetea.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Umeniuliza waziwazi kama bado narudi Agosti kama tulivyopatana, kwa sababu mwalimu mkuu ameniwekea nafasi ya karani wa shule na hawezi kungoja zaidi ya muhula huu. Nitakujibu humu humu, sitakwepa. Lakini kwanza acha nikueleze yaliyotokea wiki hizi mbili, kwa sababu bila hayo jibu langu litakuumiza bure.

Unakumbuka nilivyokuandikia wakati wa mvua za Elnino, kwamba paa la ghala letu la kumbukumbu kazini lilivuja? Maji yaliingia upande ule ule wanapoweka sauti na picha za zamani za nchi hii. Kuna filamu, na kuna kanda za sauti, zile kubwa zinazozungushwa kwenye magurudumu mawili, si kaseti kama zako. Tulianika maboksi barazani wiki nzima. Vilivyokuwa ndani vingi vilipona, lakini karatasi za majina zilibanduka zikawa uji. Tukabaki na rafu nzima ya kanda ambazo hakuna ajuaye zina nini. Huenda ni hotuba, huenda ni kwaya, huenda ni mtu anasoma bei ya mahindi.

Basi wiki mbili zilizopita mkuu wetu wa idara alituita, mimi na Mzee Shiundu. Mzee Shiundu ndiye fundi wa mashine, nimekwisha kukutajia, yule anayevaa koti jeupe kama la daktari na kunywa chai bila sukari. Mkuu akasema, "Nafasi hakuna. Kisichojulikana kufikia mwisho wa mwezi kitaondoka. Kanda zitafutwa zitumike tena kwingine. Filamu zilizoanza kunuka zitatupwa."

Si mtu mbaya, Baba Nafula. Ana ghala dogo na wakubwa wanaomsukuma. Lakini nilirudi moja kwa moja kwenye ile rafu. Kumbuka ni mimi niliyezipangusa kanda hizo moja moja kwa kitambaa laini, nikizigeuza kama mtoto mgonjwa.

Tukaanza kazi ya kuzitambua, tukikimbizana na siku. Siku ya tatu Mzee Shiundu aliweka filamu moja kwenye meza ya kutazamia. Ilikuwa inanuka siki, na hiyo ni dalili kwamba imeanza kuoza. Akazungusha taratibu. Kwenye kioo kidogo wakatokea wanawake, Baba Nafula! Kumi na mmoja, wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, wamejipanga mistari miwili ndani ya ukumbi. Mabega yanakwenda pamoja, miguu inakwenda pamoja. Mmoja wao, mrefu na mwembamba, yuko mbele anawaongoza. Midomo yote iko wazi. Na hakuna sauti hata chembe.

"Mbona haisemi?" niliuliza.

"Zamani picha ilichukuliwa na mashine moja na sauti ikachukuliwa na nyingine," Mzee Shiundu akasema. "Sauti yao ilikwenda kwenye kanda." Kisha akaelekeza kidole kwenye ile rafu isiyo na majina. "Kama bado ipo, iko mle." Akainama tena kwenye kioo. "Na huu ni ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, hapa hapa mjini. Nayajua madirisha haya. Nilichezea dansi hapo nikiwa kijana."

Siwezi kukueleza jinsi jambo hilo lilivyonishika. Nilikuwa nakula nikiyaona yale mabega. Kanda zenye nyimbo za akina mama tulikuwa nazo karibu ishirini, na katika hizo ni ipi? Hatukujua wanaimba nini wala kwa lugha gani. Nikamwomba mpiga picha wa ofisi anitolee picha moja kutoka kwenye filamu, ile ambayo nyuso zinaonekana vizuri, na Jumamosi nikaenda nayo Kaloleni kwa miguu yangu.

Niligonga milango mingi. Wengi waliniona kama mtu wa kampeni. Nyanya mmoja alisema uso huu anaujua, kisha akasema haujui. Nilikuwa nimekata tamaa nikakaa kwenye ngazi za ukumbi wenyewe, na vijana waliokuwa wakisikiliza mpira kwenye redio wakanisogelea.

"Sasa sista, unasaka nani?" mmoja akaniuliza. Nikampa picha. Akawaita wenzake, wakaigeuza geuza. Mmoja akacheka. "Huyu mrefu si ni masa wa Ambani, yule wa akala? Cheki hiyo shingo. Ambani ako nayo hivyo hivyo. Enda Kariokor, uulize Ambani wa akala." Kwao masa ni mama, na akala ni viatu vya tairi.

Nikaenda soko la Kariokor siku hiyo hiyo, karibu nikimbie. Huko kwenye safu ya wanaokata viatu vya tairi nikampata Ambani, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shingo ndefu kweli kweli, kisu mkononi. Na nyuma yake, juu ya kigoda, mama mzee alikuwa akipanga mikanda ya viatu kwa ukubwa. Nikamsalimia, nikamkabidhi picha bila maelezo.

Aliitazama sana. Kisha akaweka kidole juu ya yule mrefu aliye mbele, akajigonga kifuani.

"Ni wewe, Mama?"

Akaniita kwa mkono nisogeze sikio. Ndipo nikajua kwamba hana sauti. Anazungumza kwa mnong'ono tu, kama mtu anayepuliza makaa. Anaitwa Mama Truphosa. Alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kooni wakati Ambani alikuwa bado ananyonya, na tangu siku hiyo sauti haikurudi.

"Nilikuwa naimbisha," alininong'onezea. "Hawa wote walikuwa wangu. Huyu wangu hajawahi kunisikia. Wajukuu wanadhani nadanganya."

Ambani alisikia, akatabasamu kwa adabu huku akiendelea kukata mpira. Nikaona ni kweli, hata yeye alikuwa haamini sana.

Nikamuuliza kama anaukumbuka wimbo. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza kama anaweza kunionyesha hata kidogo. Akafungua mdomo, zikatoka pumzi tu, na mkono wake ukawa unapiga goti kwa mdundo ulionyooka kabisa. Uso wake wote ulikuwa unaimba. Nililazimika kuangalia pembeni.

Jumatatu nilimwomba mkuu ruhusa ya kumleta. Alikataa. Watu wa nje hawaingii ndani ya ghala, ndio utaratibu. Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi uishe. Sasa hapa utanigombeza, lakini sikufichi kitu. Kitabu cha wageni kina sehemu ya wataalamu, kwa ajili ya watu wa mashine wanaokuja kutengeneza mitambo, na hao hawahitaji ruhusa ya kila mara. Jumatano asubuhi Mama Truphosa alikuja amevaa gauni lake la kanisani, mkoba mikononi, na kwenye safu ya kazi nikaandika kwa herufi nzuri kabisa: Mtaalamu wa nyimbo. Askari akasoma, akamtazama, akafungua mlango.

Tukamkalisha kati ya meza ya filamu na mashine ya kanda. Kwanza Mzee Shiundu alimwonyesha filamu peke yake. Hakulia kama nilivyodhani atalia. Aliivuta meza karibu na kuanza kuwataja wenzake, mimi nikiandika mbio. Huyu ni Wanjiru wa nyumba ya pembeni. Huyu ni Akinyi, alikuwa akichelewa kila siku. Huyu ni Mkamba mwenzako, aliniambia, Kalondu, meno yake mazuri hivyo. Huyu alikufa, huyu naye alikufa, huyu yuko Kisumu kwa bintiye. Majina kumi na moja pamoja na lake, Baba Nafula. Watu waliokuwa wakisubiri kutupwa jalalani wakawa na majina ndani ya dakika tano.

Kisha tukaanza kanda. Ya kwanza, akatikisa kichwa kabla hata mstari haujaisha. Ya pili, kichwa. Ya tano alikunja uso, ilikuwa kwaya ya watu wa mlima fulani. Tulipofika ya tisa Mzee Shiundu alikwisha kuvua koti lake jeupe. Ya kumi na mbili ilianza kwa kelele za viti kuburutwa, mtu akakohoa, mwanamke mmoja akacheka kwa mbali.

Mama Truphosa akasimama.

"Huyo ni Akinyi," akanong'ona. "Anacheka, ndiyo kwanza anaingia."

Mzee Shiundu akasimamisha mashine haraka. "Sasa tatizo ni kuziunganisha," akasema. "Filamu imekatika mwanzoni. Nitajuaje sauti inaanzia wapi kwenye picha?"

Mama Truphosa akanivuta mkono. "Mwambie napiga makofi mawili. Kila mara napiga mawili kuwaamsha, ndipo naanza."

Mzee Shiundu akarudisha filamu nyuma, picha moja moja. Na ni kweli, yule mwanamke mrefu anainua mikono, viganja vinakutana, vinaachana, vinakutana tena. Akatafuta makofi hayo kwenye kanda kwa kuizungusha na vidole. Akaweka alama ya kalamu nyeupe huku na huku. Akavuta pumzi. Akabonyeza mashine zote mbili kwa pamoja.

Pa! Pa! Na sauti ikatoka.

Baba Nafula, nimekaa karibu miaka miwili katika kazi hii na sijawahi kusikia kitu kama hicho. Sauti ya juu, nyembamba, isiyotetemeka, ikipanda peke yake halafu wale kumi wanaidaka kutoka chini. Na midomo kwenye kioo inafunguka pale pale maneno yanapotoka! Kwa dakika nzima nilisahau kwamba ni mashine. Waliimba hivi, nimeyaandika yote:

Nyumba yangu ina namba mlangoni,
mwenye nyumba ana jina kitabuni,
na mimi niliyepika, niliyefagia,
nani ataniandika, nani?

Baada ya beti mbili midomo ilianza kuchelewa, maana mashine zile haziendi sawa. Mzee Shiundu akaegemeza kidole gumba kwenye gurudumu la kanda, akalibana kidogo tu, na sauti ikarudi midomoni. Akakaa hivyo, amebana, jasho linamtoka, kama dereva kwenye mteremko.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mkuu.

"Nani amemruhusu mama huyu kuingia?"

"Mimi, bwana," nikasema. "Nimemwandika kitabuni."

"Umemwandika kama nani?"

Kabla sijajibu, Mama Truphosa, bila kugeuka, aliinua mkono nyuma kumnyamazisha, kama unavyomnyamazisha mtoto kanisani. Na mkuu akanyamaza! Akabaki amesimama na mafaili yake kwapani. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho, wanawake wakaacha kucheza wakabaki wanahema kwenye kioo.

"Anayeimba mbele ni nani?" mkuu akauliza, sasa kwa upole.

"Ni huyo aliyekunyamazisha," Mzee Shiundu akasema.

Mkuu alimtazama mama, akatazama kioo, akamtazama tena mama. Kisha akavuta kiti, akaweka mafaili sakafuni. "Rudisheni," akasema.

Tulirudisha mara nne. Mara ya nne nilimuuliza Mama Truphosa anaonaje sauti yake baada ya miaka yote hiyo. Akafikiri. "Nilikuwa nakimbiza," akanong'ona. "Ubeti wa pili nilikimbiza. Wanjiru alinisema, nikamkatalia." Tukacheka mpaka mkuu naye akacheka.

Mzee Shiundu alimtolea nakala kwenye kaseti, na jana nikampelekea Kariokor mwenyewe. Jirani yao mshona mikoba alituazima redio yake. Ambani alikuwa akikata tairi, mgongo umetuelekea. Sauti ilipoanza aliendelea kukata, akakata, kisha kisu kikasimama. Hakugeuka mpaka wimbo ulipokwisha. Watu wa safu nzima walikuwa wamesogea.

"Mama," akasema, "mbona hukuniambia ulikuwa hivi?"

"Nilikuambia," yule mama akanong'ona. "Ulidhani najisifu."

Ambani alichuchumaa mbele ya kigoda chake, akamshika miguu yote miwili kwa mikono yake yenye masizi ya mpira, akainamisha kichwa. Mshona mikoba ndiye aliyebonyeza redio ianze tena.

Sasa nijibu swali lako. Kanda hazifutwi na filamu hazitupwi. Mkuu amesimamisha amri yake, na ameandika barua kuomba wazee waruhusiwe kuja kusikiliza na kutazama, ili kila sauti na kila uso vipate jina. Ijumaa aliniita, nikadhani ni kwa ajili ya kile kitabu. Alinigombeza kweli, kwa dakika kama tano. Kisha akasema anataka mimi niisimamie kazi hiyo, niajiriwe rasmi, si kibarua tena.

Nilimwambia, "Nipe nafasi nimwandikie mume wangu." Akasema yuko tayari kungoja.

Nataka kubaki, Baba Nafula. Nimeiandika sentensi hiyo na kuitazama, na ni ya kweli. Ninajua nilikuahidi Agosti. Ninajua majirani wanakuuliza kama bado una mke, na kwamba unawafungia watoto vifungo vya shati asubuhi huku mguu unauma, na kwamba Mama amezeeka kusaidia kama zamani. Sisemi hayo ni madogo. Ila wazee wanaozijua sauti hizi wanaondoka, na kila nikitazama ile rafu nahisi kama watu wamekaa gizani wakingoja waitwe. Ningekuwa karani mzuri wa shule. Lakini barua za shule angeweza kuandika mtu mwingine.

Naomba miaka miwili. Naomba, sikuarifu. Ukisema hapana nitarudi, na sitakununia maisha yetu yote. Labda mwezi mmoja tu. Ukisema ndiyo, likizo ya Agosti njoo na watoto. Chumba ni kidogo lakini mwenzangu ninayekaa naye atakwenda kwao Machakos wiki zile. Halafu tuzungumze kama utaweza kuomba uhamisho, shule za huku Eastlands zinataka walimu wa hesabu kama wewe.

Nisalimie Mama sana, mwambie kitambaa alichonifumia nimekivaa leo kanisani. Nisalimie shemeji yangu fundi seremala na mkewe aliyejifungua, na mwalimu mkuu, umwambie namshukuru kwa uvumilivu wake na ninaona aibu kidogo. Nisalimie mchungaji. Wabusu watoto, Simiyu hata akikimbia mkamate umbusu.

Barua hii anakuletea dada wa kanisani anayesafiri Kimilili kesho, pamoja na kaseti mbili tupu za kunirekodia sauti zenu. Kwenye redio yako bonyeza kile kitufe chekundu na cha pembeni yake kwa pamoja, si kimoja kimoja. Weka redio juu ya meza, usiishike mkononi. Mwache Mama azungumze kwanza, na akisimama kidogo usimjazie maneno. Nafula aniambie alichokula. Simiyu akilia, mwache alie. Wewe niambie ndiyo au hapana kwa mdomo wako, nisikie jinsi unavyolisema. Na msingoje mpaka mpate la maana la kusema.

Ni mimi mkeo anayekukumbuka,
Nduku, Mama Nafula